Simile: Nani Ampishe Nani Njiani?

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, na katika vile vya Lamu na vya Mombasa, liko neno ambalo mtoto wa pwani hulijua kabla hajajua kusoma. Neno lenyewe ni simile. Msukuma mkokoteni hulitamka, mwenye punda aliyebebeshwa mchanga hulitamka, na mpanda baiskeli hulitamka anapoikaribia pembe ya nyumba asiyoweza kuona nyuma yake kuna nani. Husemwa kwamba asili yake ni Bismillahi, likapunguka herufi kwa wingi wa kutumiwa. Ikiwa ndivyo, basi asemaye simile haamrishi. Anaomba njia, na ombi lake amelitanguliza kwa jina lililo kubwa kuliko lake yeye na kuliko la yule anayeombwa.

Neno hilo dogo limebeba suala zito la maadili. Watu wawili wanapokutana mahali ambapo hapawezi kupita ila mmoja, nani ampishe nani? Apishe mdogo kwa sababu ni mdogo? Apishe maskini ili tajiri apite, au anayetembea ili aliyepanda apite? Suala hili halingoji mahakama wala baraza la wazee. Hujibiwa papo hapo, kwa hatua moja ya kando au kwa kutoichukua hatua hiyo, na jibu alitoalo mtu hapo humfichua kuliko hotuba nyingi.

Nimependa kulichungua kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji wa visiwani, mahali pasipo na mlima: adabu za wapanda baiskeli za milimani katika njia wanazoshirikiana na wengine. Nimeuchagua mfano huo kwa sababu watu hao hawakurithi jibu. Chombo chao kilikuwa kipya, njia zilikuwa na wenyewe, na ikawabidi waitunge adabu yao mbele ya macho yetu, katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Adabu iliyorithiwa ni ngumu kuihoji, maana hakuna akumbukaye ilivyoanza. Hii ya baiskeli twaweza kuiuliza kila kanuni yake: wewe umewekwa kwa nini?

Baiskeli hizi zilizaliwa Marekani, katika miteremko ya mlima Tamalpais, wilaya ya Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate, kaskazini ya San Francisco. Katika miaka ya 1970 kundi la vijana wa huko lilikuwa likichukua baiskeli kuukuu zenye mipira minene na kuteremka nazo katika njia za vumbi zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja karibu na mji mdogo wa Fairfax, unaoshuka takriban mita 400 kwa mwendo usiofika kilomita 4. Breki zao, zilizokuwa ndani ya gurudumu la nyuma, zilipata moto hata grisi ikafuka moshi, na baada ya kila mteremko ilibidi zifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Ndipo mashindano hayo yakaitwa Repack. Miongoni mwa vijana hao walikuwemo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, na kufikia 1979 hao wawili wa mwisho walikwishafungua biashara ya baiskeli zilizoundwa makusudi kwa milima.

Furaha yao haikuwa na kosa. Ila njia za Tamalpais hazikuwa tupu. Kwa miaka mingi zilikuwa za watembeao kwa miguu na wapandao farasi, watu waliokwenda huko kutafuta utulivu. Chombo kinachokuja kimyakimya na kwa kasi, kutoka nyuma au kutoka kwenye kona isiyoonekana mbele, kiliwatia hofu. Malalamiko yakawafikia wasimamizi wa ardhi, na katika miaka ya 1980 njia nyembamba nyingi za mlima huo zikafungwa kwa baiskeli. Katika zile pana ukawekwa ukomo wa maili 15 kwa saa, na maili 5 penye kona pofu na pale mtu anapowapita wenzake. Mlima ulioizaa baiskeli hiyo ukawa miongoni mwa milima ya mwanzo kuifungia mlango.

Hapo adabu ikaanza kutungwa. Mwaka 1988 vyama kadhaa vya wapanda baiskeli wa California viliungana kuunda chama cha kimataifa kiitwacho IMBA, ambacho kimeeneza kanuni za njiani duniani kote. Kanuni zenyewe ni chache: pita katika njia zilizoruhusiwa tu, usiiharibu njia, itawale baiskeli yako, wapishe wengine, usiwatishe wanyama, jiandae kabla ya safari. Kanuni ya kupisha huchorwa katika kibao cha pembetatu kinachosimamishwa mwanzo wa njia: baiskeli humpisha anayetembea kwa miguu, na wote wawili humpisha farasi. Na baiskeli mbili zikikutana mlimani, inayoshuka huipisha inayopanda.

Tazama sasa jinsi kanuni hizo zinavyogongana na hekima tuliyolelewa nayo. Wahenga wetu wamesema, mwenye nguvu mpishe. Kanuni ya mlimani yasema kinyume chake: mwenye nguvu ndiye apishe. Wahenga wamesema pia, aliye juu mngoje chini. Mlimani, aliye juu ndiye amngojee wa chini mpaka apande amalize.

Siamini kwamba wahenga walikosea. Methali ya mwenye nguvu ni nasaha anayopewa mnyonge ili aokoke. Humwambia dunia ilivyo, haimwambii inavyopaswa kuwa. Na ile ya aliye juu ni faraja ya aliyeonewa, kwamba zamu ya mkubwa nayo ina mwisho. Methali zote mbili huzungumza na wa chini. Kanuni ya njiani huzungumza na wa juu. Humwendea mwenye nguvu mwenyewe na kumwambia asingoje kupishwa. Kwa hivyo methali na kanuni si maadui. Ni nusu mbili za usemi mmoja, nasi tumezoea kuirudia nusu moja tu, ile isiyomsumbua mkubwa.

Kwa nini basi mwenye nguvu ndiye apishe? Ziko sababu mbili, na ni vyema zisichanganywe.

Ya kwanza ni madhara. Mtembeaji na mtembeaji wakigongana, wataombana radhi. Mpanda baiskeli anayeshuka kwa kasi akimgonga mtembeaji, huenda ukavunjika mfupa wa nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyengine hainuki tena. Farasi naye ni mnyama ambaye kinga yake ni kukimbia. Akishtushwa penye ukingo anaweza kumwangusha aliyempanda na kumuumiza kila aliye karibu. Ndiyo maana mpanda baiskeli hufunzwa asimame, ashuke, akae upande wa chini wa njia, na azungumze kwa sauti ya kawaida, ili farasi atambue kwamba kiumbe yule mwenye kofia ngumu na miwani ni binadamu, si mnyama mkali anayemvizia kutoka juu. Hapa mizani iko wazi. Kungoja kunamgharimu mmoja dakika. Kutongoja kunaweza kumgharimu mwengine mwili wake. Vitu viwili hivi havipimwi kwa pishi moja.

Sababu ya pili ni gharama ya kusimama. Baiskeli mbili zinazokutana mlimani zinaweza zote kuumiza, lakini hali za waliozipanda haziko sawa. Anayepanda ameukusanya mwendo wake kwa jasho. Akisimama katika mpando mkali huenda asiweze kuondoka tena ila kwa kushuka na kusukuma. Anayeshuka akisimama hapotezi kitu, maana mteremko utamrudishia mwendo wake bure. Apishe basi yule ambaye kusimama kwake ni kwepesi zaidi.

Mara nyingi sababu hizi mbili huelekea upande mmoja, lakini si kila mara. Mchukue mpanda baiskeli anayepanda kwa taabu, akakutana na mtembeaji anayeshuka mikono mitupu. Tukitazama gharama ya kusimama, apishe mtembeaji. Tukitazama madhara, ipishe baiskeli. Kanuni imeamua kwamba madhara yatangulie, na mimi naona imeamua sawa. Tukimruhusu kila mtu aipime taabu yake mwenyewe dhidi ya usalama wa mwenzake, kila mtu ataiona taabu yake kuwa nzito kama jabali. Siku hizi, tena, zipo baiskeli za milimani zenye mota ya umeme, ambazo humwezesha mtu kupanda kilima kwa kasi ambayo zamani ilikuwa ya kwenye tambarare. Kwa huyo, hoja ya jasho imepungua uzito, na hoja ya madhara imebaki pale pale. Hapo ndipo tunapotambua ipi kati ya sababu hizo mbili ndiyo msingi.

Fikra hii haikuanzia California. Katika yale tuliyosomeshwa vyuoni tukiwa watoto, imepokewa katika Hadithi kwamba aliyepanda ndiye amsalimu anayetembea, anayetembea amsalimu aliyekaa, na wachache wawasalimu wengi. Mtoto huyahifadhi maneno hayo kama ahifadhivyo jedwali la hesabu. Mtu mzima akiyarudia akiwa njiani huona mpango uliomo. Wajibu wa kuanza umewekwa juu ya yule aliye juu zaidi, au mwenye mwendo zaidi. Aliye juu ya mnyama, au juu ya chombo, ni rahisi kudhani kwamba yuko juu ya watu; salamu humshusha pasipo kumwangusha. Imepokewa pia kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia na udhia na kuijibu salamu.

Salamu ina kazi nyengine pia, ya kivitendo kabisa: ni kipimo cha mwendo. Mtu hawezi kumsalimu mwenzake, akajibiwa, na jibu akalisikia, huku akipita kama mshale. Mwendo ukiwekewa ukomo kwa maili au kwa kilomita, mtu atabishana na mashine iliyompima. Ukiwekewa ukomo kwa salamu, hana wa kubishana naye. Nenda kwa mwendo utakaokuwezesha kusema hujambo na kuisikia sijambo. Huko Marin wenyewe wamefika hapo hapo: wapanda baiskeli wanahimizwa wapunguze mwendo na wasalimu, na wengine hufunga kengele ndogo kwenye usukani. Kengele ni njema, lakini tusiichanganye na salamu. Ikilia kwa mbali, ni hisani kwa aliye mbele. Ikilia kisogoni, ni amri. Na anayeyaziba masikio yake yote mawili kwa muziki, awe amepanda au anatembea, amekwishajitoa katika adabu hii kabla hajakutana na mtu.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, siwezi kulipita neno bila ya kulisimamisha. Katika vibao vya barabarani vya Marekani, dereva anayetakiwa kupisha huandikiwa kitenzi kile kile kitumikacho kwa askari aliyesalimisha ngome. Kwa maana yake ya ndani, kibao kinamwambia: kubali kushindwa. Si ajabu mwenye kiburi akaona uchungu kukitii. Kiswahili kimetupa bahati hapa. Kupisha ni kupita kulikonyambuliwa. Ni kumfanya mwengine apite. Anayepisha hakushindwa, ametenda jambo. Kupita kwa mwenzake ni kazi ya mkono wake. Na tukisogea hatua moja katika mnyambuliko tunapata kupishana, ambapo hakuna mshindi wala mshindwa, kila mmoja amempitisha mwenziwe. Sarufi peke yake haimfanyi mtu mwema, lakini humwonesha mlango ulipo.

Wako watakaopinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Wa kwanza atasema: njia ni ya umma, sote tumelipa kodi, sote tuna haki sawa, kwa nini basi mimi ndiye nipishe kila siku? Jibu moja zuri limo katika sheria za Uingereza. Mwaka 1968 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyowaruhusu wapanda baiskeli kutumia njia za farasi katika England na Wales, na kifungu kile kile kilichowapa ruhusa kiliwataka wawapishe watembea kwa miguu na waliopanda farasi. Haki na wajibu vilizaliwa pacha. Scotland ilikwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya ardhi ya 2003: mtu ana haki ya kupita karibu kila mahali, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, mradi aitumie haki hiyo kwa uwajibikaji. Sheria hizi zimeliona jambo ambalo mpingaji amelisahau. Haki sawa ya kuwapo njiani si haki sawa ya kwenda kasi. Usawa ni wa watu, si wa vyombo. Mpanda baiskeli akishuka na kuikokota baiskeli yake, papo hapo amekuwa mtembeaji, na heshima yote ya mtembeaji ni yake. Akiipanda tena, amechagua mwendo, na pamoja na mwendo amechagua wajibu wake. Hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Wa pili atasema: watembeaji wenyewe hunipisha, wakiniona nahangaika na mpando husogea kando wakanipungia mkono nipite, kwa nini basi nisimame? Kwa huyu nina mfano wa nyumbani. Kwetu, mtu akiwapita watu wanakula ataambiwa karibu, naye atajibu starehe, aendelee na safari yake. Karibu ile ni ya kweli, na mara nyengine hukaa akala. Lakini mpita njia hatoki kwake akiwa amenawa mikono kwa kutegemea karibu za watu. Akifanya hivyo, mtaa utampa jina, na si jina zuri. Ndivyo ilivyo hisani ya mtembeaji. Ikitolewa, ipokelewe kwa shukurani na kwa mwendo wa pole. Lakini vidole viwe vimekwishashika breki kabla ya mkono wa mwenzako kupungwa. Tunu inayotarajiwa hugeuka kodi, na anayeitoa huacha kuwa mkarimu, akawa mtozwaji.

Wa tatu ndiye mgumu kumjibu, kwa sababu ana ushahidi. Atasema: miaka yote nimepita hapa, kwa kasi yangu, na sijamgonga mtu, madhara mnayoyasema yako wapi?

Mtaani kwetu yuko mzee ambaye hakupata kugongwa na chombo chochote maishani mwake. Zamani akenda kuswali Isha msikitini kila usiku, akipitia kichochoro cha nyuma ya nyumba yake. Siku hizi huswali nyumbani. Kichochoro kile hupitwa na pikipiki na baiskeli zisizopunguza mwendo, na masikio yake hayaisikii tena simile mpaka imeshamfika mgongoni. Katika daftari la ajali mzee huyo hayumo, kwa kuwa hakuna ajali. Lakini njia yake imechukuliwa, na aliyeichukua hajui kwamba amechukua kitu. Mlimani ni vivyo hivyo. Mtembeaji aliyeruka kichakani mara mbili, moyo ukimwenda mbio, mara ya tatu hatakuja. Baada ya miaka michache njia itakuwa tulivu, bila ya mgongano wala lawama, na waliobaki watadhani wameelewana. Utulivu wa namna hiyo si ushahidi wa adabu. Ni ushahidi kwamba wanyonge wameshahama.

Tena hoja ya huyu wa tatu inasahau kwamba aliyeko nyuma ya kona hajulikani. Huenda ni kijana mwepesi wa kuruka. Huenda ni kiziwi, au mama mjamzito, au mtoto aliyechuchumaa akitazama mdudu. Katika ile tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi alituletea kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, balaa lenyewe lina mzizi wake njiani. Kijana anatembea kwa miguu, akafika mahali njia tatu zinapokutana. Mzee anakuja amekaa katika gari la kukokotwa na farasi. Mzee na mtu wake wanataka kumsukuma kijana atoke njiani kwa nguvu. Kijana anampiga mwenye kuendesha, mzee anampiga kijana kichwani, na kijana anaua. Baada ya miaka mingi ndipo anapojua kwamba aliyemuua ni baba yake. Watu huisoma tamthilia hiyo kama habari ya majaaliwa, nao wana haki. Mimi kila nikiirudia husimama pale njiani. Lilikuwapo suala la nani ampishe nani, na wote wawili walilijibu kwa nguvu. Mmoja alikuwa na gari, mwengine alikuwa na ubavu. Hakuna aliyeuliza aliye mbele yangu ni nani. Kanuni ya kupisha inamtaka mtu atende kana kwamba kila aliye nyuma ya kona ni wa kwake, kwa sababu huenda ni kweli.

Adabu ya mlimani ina upande mwengine ambao haumhusu mtu anayeonekana, nao ni adabu kwa njia yenyewe. Mpanda baiskeli akikaza breki ghafla, gurudumu hufunga, likaburura na kuuchimba udongo. Mvua ikinyesha, maji huufuata ule mchirizi, yakauongeza kina, na baada ya misimu michache palipokuwa njia pamekuwa korongo. Njia ikiwa laini mno kwa mvua, mwenye adabu hurudi nyumbani. Akikutana na dimbwi, hufunzwa apite katikati yake na akubali kuchafuka, asilizunguke. Kila anayelizunguka huipanua njia na kuikanyaga mimea ya kando, na anayemfuata hulizunguka kwa mbali zaidi. Hapa hakuna wa kumsifu wala wa kumwona. Anayepishwa ni mtu ambaye bado hajaja. Naona hapa adabu inafika kilele chake, kwa sababu haiwezi kulipwa hata kwa salamu.

Na mambo haya si ya ng'ambo tu. Katika msitu wa Karura, Nairobi, ambako watu huenda kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, zipo njia zilizotengewa baiskeli. Kutenga ni busara pale ardhi inaporuhusu. Huepusha ugomvi, ingawa hakumfunzi mtu adabu. Lakini nenda milima ya Usambara, mkoani Tanga, ambako wageni na wenyeji huendesha baiskeli katika njia za kuizunguka Lushoto. Kule njia nyembamba si uwanja wa mchezo. Ndiyo barabara ya mwanakijiji. Humpitisha mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, mtoto anayetoka skuli, mkulima anayepeleka mboga sokoni. Sababu zote mbili tulizozitaja hukutana juu ya mama yule: yeye ndiye atakayeumia wakigongana, na yeye ndiye ambaye kusimama na kusogea kando, shingo ikiwa chini ya mzigo, kunamgharimu zaidi. Juu ya hizo huongezeka ya tatu: mwenzake yuko katika starehe, yeye yuko katika riziki. Ikiwa mama huyo ndiye anayeteremka bondeni na mzigo wake kumpisha kijana wa baiskeli, basi hata kama hakuna aliyeumia na hata kama wamesalimiana kwa tabasamu, jambo baya limetendeka. Na likitendeka kila siku, kijiji kizima kitajifunza kwamba njia yao ni yao mpaka atokee mwenye chombo.

Sisi wa visiwani hatuwezi kuvipanua vichochoro vyetu. Kuta zilijengwa na waliotutangulia, kwa kipimo cha mtu na punda wake, na ndani ya kipimo hicho tumeingiza vyombo ambavyo wao hawakuviwazia. Njia haitaongezeka upana. Kinachoweza kuongezeka ni upana wa waipitao. Tunalo neno letu la kuanzia, tena neno zuri. Simile ikisemwa kwa mbali, kwa sauti ya kuomba, na asemaye akiwa tayari kusimama asipopishwa, ni adabu kamili. Ikisemwa kisogoni, na asemaye akiwa ameshaamua kupita, herufi ni zile zile lakini neno limekufa. Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa mashairi, na waachie ubeti mmoja wa kuchukua njiani:

Mwenye mbio na apishe, wa miguu na apite,
Salamu aifikishe, kwa upole awaite,
Wanyama asiwatishe, njia ni ya watu wote,
Simile yetu ni ombi, haikuwa kamwe fimbo.